Jeli Iliyozimikia Kitandani

Profesa Kou alikuwa na mzaha mmoja aliourudia kila mwaka mbele ya wanafunzi wapya, na wa zamani wakalazimika kuucheka tena. Alishika kichupa cha kioo chenye jeli, akakigeuza juu chini, na jeli isipomwagika akasema: "Mnawaona hawa? Hawajaoana. Wameshikana mikono tu."

Aliokuwa akiwasema ni molekuli. Jeli za maabara yake hazikufungwa kwa vifungo vigumu kama plastiki. Chembe zake zilishikana kwa nguvu dhaifu, basi zikipata joto huachiana na jeli ikawa maji, na zikipoa hutafutana zikashikana upya. Zikiwa zimeshikana, ukizimulika gizani kwa taa ya zambarau, hung'aa. Zikiachana, mwanga huzimika. Na akija mgeni mkorofi akajipenyeza katikati yao, tuseme ayoni ya zebaki iliyomo kwenye maji, huachana vilevile na mwanga hupotea. Hapo ndipo penye faida. Jeli ikizimika, inakwambia maji yale yana sumu.

Pei Yanni alikuwa mwaka wa tatu pale chuo kikuu cha mjini Lanzhou, na jeli yake ilikuwa imeanza kutii baada ya miaka miwili ya kumkosesha usingizi. Iling'aa kijani cha ndimu mbichi. Tone la zebaki dogo kuliko akili ya mtu anayebishana na profesa lilitosha kuizima. Ilikuwa na udhaifu mmoja tu: haikupenda joto. Wenzake jeli zao zilihitaji kuchemshwa ndipo ziyeyuke. Ya Yanni ilitosheka na joto la maji ya kuogea. Profesa Kou alisema hilo si neno, maabara haina joto la namna hiyo.

Desturi ya maabara ilikuwa hii: wanafunzi wakienda makwao kwa Mwaka Mpya, kila mmoja arudi na chupa ya maji ya kwao. Makala za jeli hazikubaliwi mpaka mwishoni pawe na maji ya kweli, ya watu wanaoishi, na Mto Njano ulikuwa umeshachotwa na kila maabara mjini hata wahariri wakauchoka. Wenzake walikwenda makwao na chupa tupu. Yanni alikwenda na chupa tupu, vichupa vya jeli, na tochi ya zambarau.

Msimlaumu haraka. Mtu aliyesoma miaka yote hiyo, na kila akirudi nyumbani baba yake anamuuliza anasomea nini hasa, na kila akieleza baba anaitikia kwa kichwa kwa heshima bila kuelewa hata neno, atajua kwa nini Yanni alibeba tochi ile. Alitaka aonekane.

Kwao ni Peijiagou, juu ya vilima vikavu ambako bomba la maji lilikuwa bado halijapanda. Watu wa kule hunywa mvua. Kila nyumba ina ua uliosakafiwa kuteremka kidogo, na mvua chache za kiangazi hutiririka uani mpaka kwenye kisima kilichochimbwa chini ya ardhi, mdomo mwembamba, tumbo pana, ukutani saruji. Maji hayo hunywewa mwaka mzima. Mtoto wa Peijiagou hujua kunawa uso kwa kikombe kimoja kabla hajajua kuhesabu, na maji ya kunawia hupewa nguruwe.

Nyumbani walikuwamo wawili tu: baba yake, Pei Shuanzhu, na bibi yake mzaa baba, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Bibi alikuwa akitetemeka mikono. Ilianza taratibu, na kwa miaka miwili hii ilikuwa imezidi, hata bakuli lake la tambi likawa linajazwa nusu ili lisimwagikie. Daktari wa wilayani alisema ni ugonjwa wa wazee, akatoa vidonge. Lakini bado alijipikia mwenyewe chai yake, ile chai nzito ya kuchemshiwa kwenye kigudulia kidogo cha udongo pembeni ya makaa, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Siku ya pili ya Mwaka Mpya, mchana, Yanni aliamua kuwaonyesha kazi yake. Shida ilikuwa giza. Jua lilikuwa likipiga kwenye theluji ya uani na chumba kizima kilikuwa cheupe. Basi akafanya kama alivyofanya utotoni alipotaka kucheza na tochi: akaingia chini ya blanketi zito la bibi, pale juu ya kang, kile kitanda kipana cha udongo kinachochochewa moto kwa chini, ambako watu wa kule hulala, hula, hupokea wageni na kuzeekea. Kichupa kimoja alikitia tone la maji safi ya maabara akakiacha kwenye ubao wa dirisha, kiwe cha kulinganishia. Cha pili alikitia maji ya kisima, akakisukuma chini ya blanketi, kwenye mkeka, ubavuni mwa bibi. Upande ule ndio wa wazee, kwa kuwa ndio ulio karibu na mdomo wa moto.

Kisha wakala viazi vya kuchoma wakisubiri.

Yanni alipoingiza kichwa chini ya blanketi, bibi alimpiga kofi dogo mgongoni. "Unatafuta nini humo, mjukuu wangu? Kunguni tulishawamaliza."

Yanni hakucheka. Alikuwa amewasha tochi na kichupa kilikuwa cheusi. Akakipiga picha kwa simu, akakigeuza, jeli ikamwagika kama maji. Akatoka mbio kwenda kuchukua kile cha dirishani, akakiingiza gizani, akakimulika, akakipiga picha nacho. Kikang'aa kijani, kizuri, kama siku zote. Akakirudisha dirishani, akabaki amekaa kitako na cheusi mkononi.

Baba yake aliuona uso wake akauliza kuna nini. Yanni akasema maji yana zebaki.

"Zebaki inamfanya mtu nini?" Shuanzhu aliuliza.

Hapo angeweza kusema hajui. Angeweza kusema subiri, Baba, nirudie mara ya pili. Lakini alikuwa anajua jibu, na kujua jibu ni ulevi kama ulevi mwingine. Alieleza kama alivyosoma: zebaki hushambulia mishipa ya fahamu, na mtu akiinywa muda mrefu, mikono hutetemeka.

Wote wakatazama mikono ya bibi. Hata bibi mwenyewe aliitazama.

Mwaka juzi kisima kilikuwa kimepasuka, na Shuanzhu, kwa kubana matumizi, alikiziba kwa saruji aliyoichanganya na majivu ya kiwanda cha kuyeyushia madini kilichofungwa ng'ambo ya kilima. Majivu yalikuwa ya bure, kila mtu alijichotea. Aliyabeba kwa mkokoteni wake mwenyewe, akayakoroga mwenyewe, akashuka kisimani akayapaka kwa mikono yake.

"Inaweza kuwa imetoka kwenye yale majivu?" akauliza.

"Inawezekana, Baba."

Kwenye maabara neno "inawezekana" ni neno jepesi. Watu hulitumia mchana kutwa na hakuna anayekosa hamu ya kula. Ndani ya chumba kile lilikuwa hukumu. Shuanzhu alinyanyuka, akachukua kile kichupa cheusi mkononi mwa binti yake, akatoka nacho uani, akakitupa bondeni kwa nguvu zake zote. Kilipotea kwenye theluji. Kama kingebaki mezani kikapoa, yote yaliyofuata yasingetokea.

Kesho yake asubuhi aliazima pampu. Yanni alimwambia asubiri kidogo, achukue maji kwanza ayapeleke Lanzhou, kule kuna mashine kubwa isiyokosea.

"Nisubiri huku namnywesha mama yangu?" Shuanzhu alisema. Akaiwasha pampu.

Yanni alijaza chupa yake, chupa ya plastiki ya soda, kisha akashika bomba. Maji ya mwaka mzima yalitoka yakimwagikia bondeni. Majirani walisimama kwenye kuta za nyua zao wakitazama, maana katika kijiji kile mtu anayemwaga maji ni sawa na mtu anayechoma nafaka. Habari ilipoenea kwamba binti wa Shuanzhu amegundua sumu kwa tochi, walianza kuja mmoja mmoja na vikombe vyao. Yanni akawaambia jeli imekwisha. Kweli, ukiacha kile kichupa cha kulinganishia, ilikuwa imekwisha, lakini alipenda namna walivyomwita daktari. Maji yale yaliganda mteremkoni, na alipoondoka na basi aliyaona kwa mbali, utepe mweupe unaong'aa.

Bibi alipelekwa mjini wilayani kwa shangazi Guixiang, dada yake Shuanzhu, anayekaa ghorofani kwenye maji ya bomba. Alipinga kwa nguvu zake zote. Alisema ghorofani hakuna kang, hakuna makaa, na mtu wa rika lake hahamishwi kama mbuzi. "Nikifa nifie kitandani kwangu," alisema, na Shuanzhu, ambaye hakuwahi kumbishia mama yake hata siku moja, alimbeba mgongoni akamtia kwenye gari.

Lanzhou, mashine kubwa ilipima maji ya chupa ya soda. Zebaki hakuna. Yanni akarudia. Hakuna.

Profesa Kou hakushtuka. Alimuuliza alichukulia maji kwenye chupa gani, na alipoiona ile ya soda akatikisa kichwa kwa huruma ya kitaalamu. Zebaki, alisema, hupenda plastiki. Hung'ang'ania ukuta wa chupa, na ukija kupima maji huikuti. Ndiyo maana huwekwa kwenye kioo, na asidi kidogo. "Hujawahi kuambiwa? Basi nimekuambia leo. Nenda ukachukue mengine."

"Hayapo, Mwalimu. Baba ameyamwaga yote."

Kou akapiga ulimi. Kisha akaiona picha kwenye simu ya Yanni, ile aliyopiga chini ya blanketi, kichupa cheusi, na pembeni ile ya kichupa cha kijani. Akaitazama kwa muda. Akasema picha hii ni dhahabu. Maji ya kweli, kijiji cha kweli, mtu wa kawaida na tochi. Akamwambia aandike sehemu hiyo vizuri, na kwamba plastiki inaeleza kila kitu.

Yanni aliishika plastiki ile kama mtu anayezama anavyoushika unyasi. Kwa siku kadhaa alilala vizuri.

Kisha ikaja asubuhi ya kutengeneza jeli mpya. Alichemsha, akaiacha ipoe kidogo, na kwa kuwa mapazia ya maabara yalikuwa yamepelekwa kufuliwa, akakifunika kichupa kwa koti lake zito ili apate giza, akaingiza kichwa na tochi. Kilikuwa cheusi. Bila shaka kilikuwa cheusi, bado cha moto. Alikuwa ameliona jambo hilo mara zisizo na idadi na lisingemshughulisha, ila siku ile alikuwa kichwa chini ya nguo nzito, gizani, na kiganja chake kilikuwa kimefumba kitu chenye uvuguvugu. Kiganja kikakumbuka kabla yake. Kilikumbuka mkeka, ubavu wa bibi, upande wa wazee.

Alibaki chini ya koti mpaka jeli ikapoa. Mwanga ulirudi polepole, kijani cha ndimu, ukaujaza mkono wake.

Nitasema ukweli kuhusu alichofanya baada ya hapo, maana yeye mwenyewe hakukificha mwishowe. Hakufanya kitu. Mtu aliyezaliwa kitandani pale, aliyekulia pale, hahesabu kang kuwa ni moto. Kang ni nyumbani. Ndivyo kosa lilivyoingia, na hilo lingesameheka. Lakini kunyamaza hakukuingia kwa bahati mbaya. Alikumbuka majirani waliosimama ukutani. Alikumbuka maji yakimwagika kwa neno lake, na neno "daktari". Akajiambia huenda kweli ni plastiki. Akajiambia hakuna wa kuthibitisha, maji yenyewe hayapo. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtia hofu: siri ile ilikuwa yake peke yake, angeweza kuzeeka nayo.

Baba yake alimpigia kila Jumapili. Alisema sasa ananunua maji ya kuletwa na pikipiki ya magurudumu matatu, yananukia dawa lakini ni maji. Hakulalamika. Alisema mama anaendelea vizuri, mikono ni ileile. Na kila mara, kabla ya kukata, sauti yake ikishuka kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa mlangoni, aliuliza swali lilelile.

"Yale majivu, mwanangu. Umeyapima?"

Alikuwa amempa mfuko mdogo wa majivu aende nao. Yanni aliyapima wiki ile ile ya koti. Yalikuwa na chuma, na chokaa, na vumbi la kawaida la dunia.

"Bado, Baba."

"Haya. Usijichoshe. Ukipata nafasi."

Jumapili iliyofuata aliuliza tena, akajibiwa tena bado. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilichomfichua Yanni kilikuwa simu ya shangazi Guixiang, siku ya kazi, mchana, saa ambayo shangazi hapigi.

Bibi ameanguka. Aliamka mapema, watu wamelala, akataka kujipikia chai yake. Akasahau yuko wapi. Alishuka kitanda kile kirefu cha ghorofani kama anavyoshuka kang, akitafuta kwa mguu ile ngazi ya udongo ambayo haikuwepo. Nyonga imevunjika, na daktari anasema kwa umri ule mfupa hautaunga vizuri. Shangazi hakuwa akilia, alikuwa amechoka. Kisha akasema jambo jingine.

"Zungumza na baba yako, Yanni. Simwelewi kaka yangu. Kila akija anakaa miguuni pa mama, anamtazama mikono, hasemi neno. Chakula hagusi. Mama anamwambia ondoka hapo unanitia huzuni, naye haondoki."

Yanni alikata simu, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Profesa Kou, kwa sababu alijua akikaa chini hatanyanyuka.

"Mwalimu, ile picha tusiitumie," alisema. "Kichupa nilikiweka juu ya kang. Chini ya blanketi."

Kou mwenyewe alikuwa mtoto wa vilima vilevile. Alicheka, cheko la mtu aliyekumbuka kwao, akafunika uso kwa mkono. "Kang! Miaka mitatu nawaambia hawajaoana..." Kisha akamwona binti wa watu alivyo, akaacha kucheka. Akamuuliza maji yale yalikuwa mengi kiasi gani. Yanni akasema ya mwaka. Kou akaifuta picha kwenye makala mbele yake, akamwambia aende nyumbani.

Alipofika Peijiagou theluji ilikuwa imekwisha na vilima vilikuwa na rangi ya mkate mkavu. Kwenye bonde la kwao tu, pale maji yalipomwagwa, palikuwa na ukanda wa majani mabichi unaoteremka, na kondoo wa jirani walikuwa wameukuta. Yanni aliutazama akapita.

Nyumbani hakumkuta mtu. Kisha akasikia nyundo, na sauti ilikuwa ikitoka ardhini.

Mfuniko wa kisima ulikuwa wazi, ngazi ya mbao imeshushwa. Baba yake alikuwa chini, taa kichwani, akibandua ukuta kwa patasi. Saruji yote aliyoipaka kwa mikono yake alikuwa akiitoa kipande kwa kipande, mpaka udongo wenyewe, na vipande vilikuwa vimerundikwa miguuni pake. Alikuwa mweupe kwa vumbi. Kutoka juu alionekana mdogo.

"Baba."

Nyundo ikasimama. Shuanzhu akainua uso, akashangaa, akamuuliza kama amekula.

Yanni alikuwa amepanga maneno njia nzima, ndani ya basi, na sasa hakuna lililobaki kwa mpangilio wake. Alipiga magoti kwenye mdomo wa kisima.

"Maji hayakuwa na zebaki," alisema. "Nilikiweka kichupa juu ya kang. Kilizimika kwa joto. Ni joto tu, Baba. Na majivu nimeyapima, hayana kitu. Maji yalikuwa mazuri."

Alikuwa akisubiri kuulizwa juu ya maji. Alikuwa tayari kwa hilo, hata alilitaka; atukanwe mbele ya kijiji kizima, aitwe mwendawazimu wa tochi.

"Sema tena," Shuanzhu alisema.

Akasema tena.

"Basi si mimi," baba yake alisema.

Hakuwa akimwambia yeye. Alikaa chini, palepale juu ya vipande vya saruji, patasi mapajani, na kisima kile chenye tumbo pana kikapandisha sauti ambayo Yanni hakuwahi kuisikia maishani mwake, hata siku ya maziko ya mama yake. Baba yake alikuwa akilia. Alilia kama mtu anayetua mzigo na kugundua mgongo umeshapinda. Yanni aliingiza mguu kwenye ngazi, kisha akautoa. Hakujua kama ana haki ya kushuka.

Alipomaliza, Shuanzhu alijipangusa uso kwa mkono wenye vumbi, akapanda ngazi taratibu, akatoka nje kwenye jua. Alisimama mbele ya binti yake, na swali aliloliuliza halikuwa kubwa wala halikuwa na hasira.

"Umejua lini?"

Hapa napo palikuwa na mlango wa kutokea. Angesema jana. Angesema juzi, mashine imechelewa. Hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Kabla bibi hajaanguka," Yanni alisema. "Ulipokuwa ukiniuliza, nilikuwa najua."

Shuanzhu alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta sura ya mtoto wake ndani ya sura ya mgeni. Hakuinua mkono. Alikwenda kunawa kwa kikombe kimoja, akarudi.

"Twende tukamchukue mama," alisema.

Huko njiani, kwenda na kurudi, hakusema naye tena. Na Yanni alielewa kwamba kunyamaza huko ndiko kuadhibiwa, na kwamba hakutakwisha kwa kuomba radhi.

Walimrudisha bibi kwenye gari la kuazima, amelazwa juu ya godoro, akilaani kila shimo la barabara. Alipowekwa kwenye kang yake, upande wake, alifumba macho akaupapasa mkeka kwa mikono yake inayotetemeka, akauliza mbona kumepoa namna hii, nani ameuacha moto ufe. Yanni akatoka mbio kuchochea. Alijaza samadi kavu ya kondoo na mabua ya viazi mpaka moshi ukamtoa machozi, na hapo akapata nafasi ya kulia bila kuulizwa.

Shuanzhu alimpikia mama yake chai kwenye kigudulia. Bibi, kwa mara ya kwanza, alikubali kupikiwa. Yanni alimshikia kikombe, kwa kuwa mikono ya bibi ilikuwa ikimwaga zaidi ya anachokunywa. Haikuwa na mtu wa kulaumiwa tena mikono ile. Ilitetemeka tu.

Bibi alionja, akakunja uso. "Hii si chai yangu. Inanuka hospitali."

"Ni maji ya kununua, mama," Shuanzhu alisema. "Mvua ikinyesha, nitakupikia ya kisima."

"Mvua ya lini?"

Mvua za kule huja katikati ya kiangazi, zikija. Bibi akamaliza chai yake hivyohivyo, kwa kuwa chai haimwagwi. Kisha akamgeukia mjukuu wake, macho yake yakiwa na ule utundu wa zamani, akamuuliza kama amekuja na kile kichupa chake kinachowaka kijani. Siku ile hakuna aliyemwonyesha yeye; walikimbizana tu na kumfunua blanketi.

Yanni alikuwa nacho mfukoni. Alikuwa amekibeba kumthibitishia baba yake, na baba yake hakuuliza uthibitisho. Akakiingiza chini ya blanketi, akaliinua upande mmoja kama hema, akawasha tochi. Ule mwanga wa ndimu mbichi ukajaa humo ndani, ukaangaza mkeka na vidole vya bibi vilivyopinda.

Bibi akafurahi kama mtoto. "Angalia," alisema. "Angalia kilivyo kizuri."

Wakakitazama. Moto ulikuwa umeshika chini yao, na joto lilikuwa likipanda. Kijani kikaanza kufifia kutoka chini ya kichupa, kikapanda juu, kikawa uzi, kikaisha.

"Kimezimika," bibi alisema.

"Ndiyo, Bibi," Yanni alisema. "Ni joto tu."

Shuanzhu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameinama kidogo ili aone chini ya blanketi, na alibaki hivyo hata baada ya giza. Kisha akajinyoosha, akachukua koleo nyuma ya mlango, akatoka uani kukoroga saruji ya kisima.